Nyoka, Jiwe Jeusi na Safari ya Mlima Hoyo



Likizo ikikaribia, wanafunzi wa Marabo na wa vijiji vya jirani huanza kuwauliza waalimu wao: “Mwalimu, mwaka huu tutatembea wapi?” Nao wanajua jibu walitakalo. Wanataka Mlima Hoyo. Wengine, ambao wazazi wao wana mfuko mzito kidogo, wanataka kufika hata Epulu wakamwone okapi. Ni haki yao. Mtoto aliyezaliwa Ituri bila kuijua Ituri ni kama mwana wa nyumba asiyejua vyumba vya baba yake.

Kwa wasomaji wetu wa mbali niseme kwamba Marabo ni mji mdogo wa soko, kando ya barabara itokayo Bunia kwenda Komanda. Kwetu ni nchi ya vilima na majani marefu. Lakini ukikaribia Komanda msitu waanza kukusogelea. Ukishika njia ya kusini, iendayo Beni, utaukuta Mlima Hoyo na mapango yake ya mawe ya chokaa na maporomoko yake ya maji. Ukishika njia ya magharibi wafika Mambasa, kisha Epulu, katika Hifadhi ya Okapi iliyowekwa mwaka 1992, nayo mwaka 1996 ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Neno la usalama wa njia lasemwa kwanza, tulimalize. Barabara zile zimeona mauaji mengi miaka hii, na hakuna pango wala poromoko lenye thamani kupita roho ya mtoto. Safari haianzi ila wakuu wa serikali na walinzi wa hifadhi wamesema njia ni wazi. Wakisema bado, basi ni bado. Nayaandika haya kwa ajili ya siku ile watakaposema ndiyo; tena, kama mtakavyoona, yanamfaa hata yule asiyevuka kijito cha kijiji chake.

Maana mzazi akisikia neno “hifadhi” au “msitu”, kitu cha kwanza kinachomjia moyoni ni nyoka. Humkataza mwanawe kwenda Hoyo kwa kuogopa nyoka. Kisha jioni, jua linapozama, humtuma mtoto yuleyule aokote kuni vichakani kwa miguu mitupu! Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tuliitalo OMS, lakadiri kwamba kila mwaka watu karibu milioni 5 na nusu huumwa na nyoka duniani, na kwamba kati yao hufa watu 81,000 hata 138,000. Wanaobaki na kilema cha maisha, kama kukatwa mguu au mkono, ni mara tatu ya hao waliokufa. Je, ni watalii hao? Hata kidogo. Ni wakulima, wachungaji, na watoto wa vijijini. Nyoka wa Mlima Hoyo na nyoka wa shamba la muhogo ni wa ukoo mmoja, na mtoto aliyejifunza kutembea vema huko mlimani atatembea vema pia njia ya kwenda kisimani.

Tuwatazame basi hao nyoka wenyewe.

Nyoka hana hamu nasi. Sisi tu wakubwa mno kwa kinywa chake. Sumu yake ni silaha ya kuwindia panya, ndege na vyura, naye huitumia juu yetu anapokanyagwa, anaposhikwa, au anapozibiwa njia. Hana masikio ya nje kama yetu, lakini mwili wake uliolala chini huhisi mtikiso wa hatua zetu. Mara nyingi hutuhisi tukija, akaenda zake, wala sisi hatujui hata kama alikuwapo.

Ila yuko mmoja asiyefanya hivyo, naye ndiye wa kuogopwa zaidi katika nchi ya majani kama yetu. Ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Ni mnene, ni mfupi, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana alama kama mishale iliyopangwa. Mtu akija, bafe haendi. Hulala kimya, akitumaini rangi yake kumficha, na kwa kweli humficha vizuri. Hupenda pia kujilaza njiani usiku. Anayemkanyaga huumwa mguuni. Mguu huvimba vibaya, damu hutoka, na nyama huweza kuoza.

Msituni yuko ndugu yake mkubwa, bafe wa msitu, ambaye rangi zake za kahawia, njano na zambarau zimepangwa kama mkeka wa fundi hodari. Katika majani makavu waweza kusimama hatua mbili kutoka kwake usimwone. Meno yake ya sumu huweza kufika urefu wa sentimeta 5. Hakuna nyoka duniani mwenye meno marefu kuliko hayo. Ni mpole kwa ajabu, na upole huo ndio hatari yake, kwa maana hakimbii wala hatoi onyo jingi. Yuko na mwingine wa jamii hiyo, mwenye vipembe juu ya pua, apendaye mahali pa majimaji.

Kisha yuko fira, nyoka mweusi wa msituni ainuaye kifua na kupanua shingo akikasirishwa. Huweza kufika karibu meta 3, hupenda kukaa karibu na maji, na huogelea vizuri. Sumu yake haifanyi kama ile ya bafe. Yenyewe hulegeza. Kope zaanguka kama za mtu mwenye usingizi, ulimi wawa mzito, mate yashindwa kumezwa, na mwisho kifua chashindwa kuvuta pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo huonekana kama amelewa. Watu wasiojua humcheka, kumbe anakufa. Jamaa yake ni swila, atemaye mate. Huyo hukaa katika nchi ya majani na hata karibu na nyumba, akifuata panya na kuku, naye hulenga macho kutoka mbali ya meta 2 na zaidi.

Juu ya miti ya msitu yuko nyoka mwembamba wa kijani ambaye Wazungu humwita mamba, jina ambalo kwetu ni la mnyama mwingine kabisa, wa mtoni. Sumu yake huenda upesi sana. Yuko pia nyoka mwingine wa mitini, mwoga, mwenye macho makubwa. Wataalamu wengi humwita kwa jina alilopewa na Makaburu wa kusini, boomslang, maana yake nyoka wa mti. Nitarudi kwake baadaye, kwa kuwa ana kisa chake. Chatu hana sumu, mnajua. Hilo halitoshi kumfanya wa kuchezewa.

Sikuyaandika haya ili watoto wajifunze kuwatambua nyoka na kuwashika. Kinyume chake! Rangi hubadilika, mdogo hafanani na mkubwa, na hata wenye elimu hukosea. Mwanafunzi ashike neno moja: nyoka yeyote amdhanie kuwa wa sumu, na yeyote amwache.

Sasa safari yenyewe. Mlimani na msituni tutembee nyuma ya kiongozi wa hifadhi, katika njia iliyokwisha kukanyagwa, mmoja nyuma ya mwingine, wala si kutawanyika kama mbuzi waliofunguliwa. Viatu ni vya lazima. Vile viatu vya mpira virefu wanavyovaa wachimba dhahabu na wakulima wa kakao havipendezi kwa picha, najua, lakini ni bora kuliko viatu vyeupe vya Jumapili, maana sehemu kubwa ya wanaoumwa huumwa chini ya goti. Juu yake suruali ndefu, iliyolegea. Kila mkubwa awe na fimbo; fimbo ya kugusia majani mbele ya mguu, si ya kupigia.

Penye gogo lililoanguka njiani, usiliruke. Kanyaga kwanza juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Nyoka hupenda kulala upande ule usiouona. Mkono nao usiende mahali ambapo jicho halijatangulia: si katika shimo la mti, si chini ya jiwe, si juu ya mwamba ulio juu ya kichwa chako unapopanda. Hili la mwamba lakumbukwe hasa mdomoni mwa mapango ya Hoyo, ambapo mtoto hutaka kujishika akiinama kuingia. Amulike kwanza. Na penye maporomoko, ambapo watoto wote huvua viatu na kukimbilia maji, mwalimu atangulie, atazame mawe, ndipo awaite.

Kuna jambo ambalo waalimu huona haya kulisema, kwa hiyo halisemwi: haja. Mtoto akibanwa hujitenga na wenzake, huenda mbali apate kujificha, huingia penye majani mazito, huchuchumaa bila kutazama. Hakuna nafasi mbaya kuliko hiyo. Basi mwalimu achague mahali mapema, pamoja na kiongozi, pawe peupe kidogo, wavulana upande wao, wasichana upande wao pamoja na mwalimu wa kike. Asiende mtoto peke yake. Na apige miguu chini kabla ya kuchuchumaa.

Mabaki ya chakula yasitupwe hovyo. Makombo huita panya, panya huita nyoka. Wakilala huko, kila mmoja alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka. Watu hudhani chandarua ni cha mbu tu. Nyoka anayepita usiku akitafuta panya hawezi kumfikia mtu aliyelala ndani ya chandarua kilichobana, na kwa wale walalao chini, hata nyumbani, kinga hiyo ni kubwa. Asubuhi viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Usiku asitoke mtu bila taa, hata hatua kumi.

Nyoka akionekana? Simama. Kisha rudi nyuma polepole, mpe nafasi, naye ataitumia. Usimrushie jiwe. Ndani ya hifadhi kumwua ni kosa mbele ya sheria. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe. Lakini hata pasipo sheria, angalieni ni nani huumwa mkononi: mara nyingi ni yule aliyetaka kumwua au kumshika. Tena nawaambia wavulana, kwa kuwa nawajua: nyoka aliyeuawa hajaisha. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma bado, kwa muda mrefu baada ya kukatwa. Asiokotwe ili kumtisha dada.

Hapa nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye watu wa Ituri wangefaa kumjua. Kati ya mwaka 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka upande wa kaskazini-mashariki wa Kongo wakikusanya wanyama wa kila namna. Walifika hata Avakubi, kando ya mto Ituri. Nyoka waliowapata walipelekwa Marekani. Aliyewachunguza mmoja mmoja, akahesabu magamba yao na kuandika kitabu juu yao mwaka 1923, ni Karl Patterson Schmidt. Waweza kusema kwamba wakati ule hapakuwa na watu wengi duniani waliojua nyoka wa Kongo kama yeye.

Tarehe 25 Septemba 1957, mjini Chicago, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama, ili aseme ni wa aina gani. Alikuwa yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, niliyewaahidi. Alipomshika, nyoka alimwuma kidole gumba, na jino moja tu ndilo lililoingia. Schmidt hakwenda hospitali. Nyoka ni mdogo, jino ni moja, mtu ni mtaalamu: kuna nini cha kuogopa? Alirudi nyumbani kwa gari la moshi, akawa anaandika katika daftari mambo aliyoyaona mwilini mwake, kichefuchefu, homa, damu kutoka katika fizi. Asubuhi yake alijisikia nafuu, akala, akapiga simu kazini kusema kwamba atarudi. Alasiri ya siku hiyo, tarehe 26, alikufa.

Sumu ya nyoka yule huenda polepole. Huiondolea damu nguvu ya kuganda, na saa nyingi huweza kupita kabla mtu hajaona neno. Kwetu husemwa sana: “Kama sumu ingeingia, ningeisikia sasa hivi.” Schmidt angeweza kusema vilevile. Kwa hiyo kila aliyeumwa, hata asiyeona maumivu, hata aliyeumwa na nyoka mdogo kama kamba ya kiatu, apelekwe kwa waganga wa hospitali na kulindwa huko usiku na mchana.

Nimefika penye neno gumu.

Katika nyumba nyingi za Kongo kuna kijiwe cheusi kilichofungwa katika kitambaa. Kimewekwa sandukuni pamoja na karatasi za ubatizo. Mtu akiumwa na nyoka, ngozi huchanjwa kidogo hata damu itoke, kijiwe huwekwa juu, nacho hushika. Watu wengi walikipata kwa wamisionari, waliokitoa kwa moyo mwema wakati hospitali ilikuwa mwendo wa siku nyingi. Ndiyo sababu hukiheshimu karibu kama kitu cha kanisa.

Si kitu cha kanisa. Si jiwe hata. Ni kipande cha mfupa wa mnyama, mara nyingi wa ng'ombe, kilichochomwa motoni hata kikawa cheusi. Hushika penye damu kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana ambavyo hunyonya majimaji. Ulimi wako nao hunata ukilamba kigae kikavu. Kikishiba, chaanguka. Hapo watu husema: “Kimeanguka, sumu imekwisha.” Lakini sumu haikukaa mlangoni ikingoja kunyonywa. Ilikwisha kwenda ndani ya nyama zamani. Wataalamu wamejaribu jambo hili kwa panya waliotiwa sumu ya nyoka, nao wakaona kwamba kijiwe hakikuwafaa kitu.

Mtaniuliza: “Mbona babu yangu aliwekewa, akapona?” Ni swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Katika wale watu karibu milioni 5 na nusu waumwao kila mwaka, OMS yakadiri kwamba wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hata 2.7. Wengine wameumwa na nyoka wasio na sumu, au na nyoka wenye sumu ambao hawakuitoa. Yaani katika watu kumi walioumwa, watano au zaidi wangepona hata kama wangewekewa kipande cha muhogo. Kijiwe kimejipatia sifa ya hao wote. Na wale waliokufa wasemwaje? Husemwa kwamba waliwekewa wakiwa wamechelewa. Au, vibaya zaidi, kwamba nyoka yule alikuwa “wa kutumwa”. Ndipo mama mzee wa jirani, asiye na mwana wa kumtetea, anaponyoshewa kidole. Msiba mmoja wazaa wa pili.

Na yule atakayenitajia Mtume Paulo kisiwani Malta, namjibu kwamba Paulo hakumtafuta nyoka ili ajaribu imani yake. Alikuwa akiokota kuni.

Sisemi vijiwe vitupwe. Mwenye nacho na abaki nacho, kiwe ukumbusho wa padri aliyempa. Ninalosema ni kwamba saa ile inayopotea kwa kutazama kijiwe kikishika na kuanguka ndiyo saa ambayo mgonjwa angekuwa njiani. Vivyo hivyo kwa yule anayefunga mguu kwa kamba au mpira kwa nguvu zote: amezuia damu, na mguu waweza kufa ukakatwa hata kama sumu ilikuwa kidogo. Kukata kwa wembe, kunyonya kwa kinywa, kuchoma kwa moto, kupaka majani, kunywesha pombe: haya yote huongeza jeraha na kupoteza wakati.

Lifanyike nini basi? Mwondoe mgonjwa mahali pale, nyoka asimwume mtu wa pili. Mlaze, mtulize kwa maneno, maana hofu hupiga moyo mbio. Mvue pete, bangili, saa na kiatu kabla uvimbe haujaja. Mguu au mkono ulioumwa ufungiwe vijiti au ubao, kama watu wafanyavyo kwa mfupa uliovunjika, usitikisike. Nao ufungwe kwa kitambaa kilicholegea. Asitembee kwa miguu yake ikiwa kuna mtu wa kumbeba. Akitapika, mlaze ubavu, upande wa kushoto. Asipewe aspirini, kwa kuwa nayo huizidishia damu wepesi wa kutoka. Andika saa aliyoumwa. Msimtafute nyoka vichakani. Anayeweza kumpiga picha kwa simu kutoka mbali na afanye, asiyeweza aseme rangi yake, yatosha. Ikiwa swila ametema machoni, osha macho upesi kwa maji safi mengi, tena mengi, wala usitie dawa za majani. Kisha naye aende hospitali.

Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka ni moja, ni seramu. Mfaransa Albert Calmette ni mmoja wa waliofungua njia yake katika miaka ya 1890. Farasi hutiwa sumu kidogo kidogo hata damu yake ijifunze kuishinda, kisha ile nguvu hutolewa katika damu ya farasi na kusafishwa ili mtu achomwe sindano. Si kila seramu huweza kila nyoka. Tena ni ghali, na nyingine hutaka kuhifadhiwa penye baridi. Kiwanda kimoja kikubwa cha Ufaransa kiliacha mwaka 2014 kutengeneza seramu iliyotumika sana Afrika, na akiba yake ya mwisho ikafika mwisho wa muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 OMS iliuweka ugonjwa wa kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 ikatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema kwa nusu hata mwaka 2030. Maneno mazuri. Hata hivyo chupa ya seramu haifiki Marabo kwa kuwa imeandikwa Geneva.

Kwa hiyo, waalimu na wazee wa kamati ya wazazi, siku chache kabla ya safari, ulizeni. Ulizeni Nyankunde, ulizeni Komanda, ulizeni Bunia: leo seramu iko wapi, ya nyoka gani, nani ana ufunguo siku ya Jumapili? Jibu la mwaka jana halifai, maana chupa huisha. Na hata wakisema hakuna, hospitali bado ni bora kuliko nyumbani. Yule aliyelegezwa na sumu ya fira huweza kusaidiwa kuvuta pumzi hata sumu ipungue, na mwenye jeraha huchomwa sindano ya pepopunda.

Kisha pangeni pikipiki. Msicheke. Kusini-mashariki ya Nepal, nchi ya mashamba na barabara mbovu kama zetu, watu wa vijiji kadhaa walipanga vijana wenye pikipiki kuwachukua walioumwa na nyoka mara moja, mchana au usiku, huku wakiwafundisha wanakijiji wasipoteze wakati kwa dawa zisizofaa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Zamani, katika watu 200 walioumwa walikuwa wakifa 21; baada ya mpango ule akafa mmoja. Seramu ilikuwapo hospitalini tangu mwanzo. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia.

Marabo haikosi vijana wa pikipiki. Pikipiki mbili ziende pamoja na watoto, mafuta yake yamelipwa na wazazi kabla, na yasiguswe kwa kazi nyingine. Dereva ajulikane kwa jina, naye asinywe siku hiyo. Mgonjwa hukaa katikati, mguu umefungwa ubao, na nyuma yake hukaa mtu wa kumshika asianguke, kwa sababu aliyelegezwa na sumu hawezi kujishikilia. Nafasi hiyo ya nyuma asipewe mwanafunzi. Apewe mwalimu mwenye mikono yenye nguvu, na namba za simu za hospitali awe nazo katika karatasi mfukoni, si katika simu peke yake, maana huko mlimani simu huzimika.